Ukurasa wa Kumi na Tisa

Maboksi matatu yamekuja kwa tuktuk kutoka Shimanzi,
yananuka wino na gundi,
na dereva anauliza kama ni sabuni.
Ni kitabu, namwambia. Changu. Cha kwanza.
"Cha hadithi?"
Hapana. Kila neno humu ni la kweli.
Akanihurumia. "Basi watoto hawatakisoma."

Kurasa thelathini na mbili, picha kila upande.
Saidi Kirunga wa Changamwe yumo,
aliyetia filimbi shingoni mwa mtungi wa plastiki:
maji yakipanda yasukuma hewa, mtungi walia,
na foleni nzima ya bombani yajua zamu imepita.
Mbeyu wa Kongowea yumo, na kivuli chake cha magunia
kinachonyweshwa maji saa nne
ili nyanya zisife saa nane.
Na wengine watano
walionipa chai, wakanipa na tarehe zisizopatana
(mwaka ule wa mvua; kabla Tatu hajaolewa),
miaka minne nikizisuluhisha kama mawifi.

Na Bi Mwanasha wa Mtongwe. Ukurasa wa kumi na tisa.
Nazi kumi na nane kabla ya adhana ya alfajiri,
mbaazi zangoja tui, kifundo cha mkono kimevimba,
na baisikeli ya kaka yake imelala uani
haina breki, haina mrithi.
Aking'oa kanyagio. Aking'oa mnyororo.
Akaifunga mbuzi.

Mimi niliandika: mbuzi yake.
Mhariri, mtu wa bara, mwema,
akanisahihisha: mbuzi wake.
Mchoraji naye akachora alichosoma:
beberu mwenye ndevu, kwato kwenye pedali,
na bibi kamkalia mgongoni, buibui linapepea.
Tulicheka simuni hata salio likakatika.
Akachora upya: kibao, ulimi wa chuma, meno yake yote.
Lakini yule beberu nilimwombea abaki.
Yuko pembeni, anatafuna makumbi.

Nikavuka feri na nakala ya kwanza
nimeifunga kwenye leso kama mgonjwa.
Bi Mwanasha akapangusa mikono mara mbili,
akafungua kurasa kwa ncha ya kidole,
akafika kwake.
Akanyamaza muda wa kuchemsha chai.
"Ulimi umeuweka kushoto."
Nikasogea.
"Ukikaa hivi, mwanangu, ukikanyaga,
hukuni nazi. Unakuna goti."

Nakala mia tano.
Mia tano, na zote zakuna goti.

Usiku ule na uliofuata nikakaa na kalamu nyeusi,
boksi kwa boksi, mshale mdogo na neno: *kulia*.
Nakala ya sitini, mshale umeanza kupinda.
Ya mia na tisini ni ndoano ya kuvulia changu.
Moja ina duara la kikombe.
Hakuna mbili zinazofanana, na mimi
ndiye niliyeapa kuandika mambo yalivyo.

Ijumaa, darasa la nne, Likoni.
Wamecheka penye beberu, wamepuliza filimbi isiyokuwepo.
Kisha mtoto wa dirishani, kola imetoka uzi,
anainua mkono hadi nusu:
"Kabla hajakitengeneza,
alijuaje kwamba hakipo?"

Kitabu kina ramani, Kisauni hadi Mtongwe.
Kina faharasa. Kina maana ya maneno magumu.
Nikakifungua mbele, nikakifungua nyuma.
Mwalimu wake akakohoa.
Yeye mwenyewe alikuwa ameshaniacha,
amegeuza ukurasa wa kumi na tisa juu chini,
anafuata mshale kwa ukucha, analitafuta goti.

Nikamwomba nakala yake na kalamu.
Chini ya beberu nikaandika swali lake, na tarehe,
nikaanza jina: K, i...
"Siyo K," akasema. "Ni C, h. Chivatsi."
Nikakata. Nikaandika upya.